Mwalimu na Kijana wa Crystal City

Mhariri aliniomba niandike historia ya mpira wa kikapu hapa shuleni petu. Nilikubali, kisha nikakaa na kalamu siku tatu bila kuandika neno. Historia hiyo wengi wenu mnaijua kunishinda, na makombe yenyewe yamo kabatini katika ofisi ya mkuu wa shule, anayetaka ayahesabu. Badala yake nitaandika juu ya kijana mmoja wa Marekani na mwalimu wake. Habari yao nimeifuata kwa miaka mingi, kwanza kwa kuwa nami nilikuwa mwalimu wa mchezo huu, na pili kwa kuwa ndani yake limo jambo ambalo mimi nililikosea. Nitalifikia.

Kijana huyo ni Bill Bradley. Alizaliwa mwaka 1943 huko Crystal City, mji mdogo wa jimbo la Missouri, kando ya mto Mississippi, mji ulioishi kwa kiwanda cha vioo. Baba yake alikuwa mkuu wa benki ya hapo. Kwa hiyo msidhani hii ni ile hadithi ya mtoto wa maskini aliyeokolewa na mpira. Mtoto huyu asingecheza kabisa bado angekula vizuri na kusoma vizuri. Alicheza kwa kupenda.

Na alipenda kwa namna ya kutisha kidogo. Alipokuwa sekondari alijiwekea ratiba ya mazoezi ya saa tatu na nusu kila siku baada ya masomo. Ndani ya viatu alitia vipande vya risasi ili miguu izoee uzito. Alipanga viti sakafuni akavifanya ndio maadui, akapita katikati yake huku anadunda mpira. Katika miwani alibandika vipande vya karatasi ngumu upande wa chini, asiweze kuuona mpira anaoudunda, hata mkono ukajifunza kuujua mpira bila msaada wa jicho. Vijana mnaosoma sasa, mambo hayo hayahitaji fedha. Viti mnavyo.

Alipomaliza sekondari amekwisha kufunga pointi zaidi ya 3,000, na vyuo vipatavyo 75 vikamwita kwa ahadi ya kumlipia masomo. Alikichagua Duke, chuo chenye jina kubwa katika mchezo. Lakini katika kiangazi cha mwaka 1961 alivunjika mguu, akapata nafasi ya kujiuliza atakuwa nani siku mpira utakapomtoka. Zikiwa zimebaki siku chache tu chuo kufunguliwa, akabadili nia akaenda Princeton, New Jersey. Princeton haikumpa hata senti moja kwa ajili ya mpira. Vyuo vya kundi lile, yaani Ivy League, havitoi ufadhili wa michezo, wala leo havitoi. Baba alilipa ada kama wazazi wengine.

Hapo ndipo neno ridhaa linapopata maana yake. Sisi tulisema mchezaji wa ridhaa tukiwa na maana ya mtu asiyelipwa, basi. Bradley alikuwa wa ridhaa kwa maana iliyo nzito zaidi, kwani angeweza kulipiwa masomo akakataa.

Kwa kanuni za wakati ule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo. Akacheza timu ya wageni, na humo akafunga mitupo ya adhabu 57 mfululizo bila kukosa. Mwalimu mkuu wa mchezo pale, Franklin Cappon, alifariki mwishoni mwa mwaka 1961. Mwaka 1962 akaletwa Willem van Breda Kolff, ambaye watu walimwita Butch. Huyu alikuwa amesoma Princeton hiyo hiyo chini ya Cappon, akachezea timu ya kulipwa ya New York Knicks, kisha akafundisha vyuo vingine. Baba yake alikuwa Mholanzi aliyechezea timu ya taifa ya kandanda ya Uholanzi katika Olimpiki za mwaka 1912. Michezo ilikuwa damuni. Alikuwa mtu wa kelele: pembeni mwa uwanja alipiga mayowe, alirukaruka, aliwagombeza waamuzi. Bradley kwa upande wake alikuwa mpole, mwenda kanisani, mtu wa maneno machache. Ukiwaweka pamoja ungesema hawatachukuana hata wiki moja.

Wakachukuana miaka mitatu. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mwalimu mwenye mchezaji hodari ana vishawishi viwili. Cha kwanza ni kumkaba: kumrekebisha kila kitu ili watu waone kazi ya mwalimu. Cha pili nitakieleza baadaye, maana ndicho kilichoniangusha mimi. Van Breda Kolff aliona haraka kwamba kijana huyu amekuja amekwisha kuiva. Hakujaribu kumpika upya. Malalamiko yake yalikuwa moja tu, nalo ni la ajabu: kwamba Bradley hafungi vya kutosha. Kijana alipenda kutoa pasi. Akipata nafasi nzuri alitazama kwanza kama yupo mwenzake mwenye nafasi nzuri kumshinda, na mwalimu akabaki pembeni akipiga kelele kwamba afunge yeye. Ni walimu wangapi wamewahi kumgombeza nyota wao kwa kosa la kukosa uchoyo?

Si kwamba mwalimu aliupenda mchezo wa mtu mmoja. Aliamini watu watano wanaokwenda bila kusimama, mpira ukipita mikononi mwao haraka. Lakini alijua kuhesabu. Katika miaka mitatu Bradley alifunga pointi 2,503, wastani wa 30.2 kwa kila mchezo, na wakati huo hapakuwa na mstari wa pointi tatu.

Michezo miwili inatosha kuonyesha. Mwezi Desemba 1964, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Princeton ilikutana na Michigan, timu iliyokuwa na Cazzie Russell na miili mikubwa ambayo Princeton haikuwa nayo. Zilipobaki dakika 4 na sekunde 37, Bradley alikuwa amefunga 41 na Princeton inaongoza 75 kwa 63. Hapo akapata faulo ya tano, akatoka. Ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Kisha wenzake, ambao wengi wao walikuwa vijana wa kawaida hodari wa darasani, wakaachwa peke yao na Michigan. Michigan ikafunga pointi 17, wao 3 tu. Mchezo ukaisha 80 kwa 78, na goli la mwisho alilitia Russell.

Nimeusoma mchezo huo mara nyingi, na kila mara nawafikiria wale wanne waliobaki uwanjani na mwenzao wa akiba. Je, walikuwa wabovu kiasi hicho, au walikuwa wamezoea mno kumtazama mtu mmoja? Kinachofuata kinanifanya niamini hilo la pili, na kwamba walijirekebisha. Miezi mitatu baadaye, katika mashindano ya vyuo vya nchi nzima, timu hiyo hiyo iliifunga Providence 109 kwa 69. Bradley alipata 41 tena, lakini safari hii kila mtu alifunga, na walicheza kana kwamba mpira hauna uzito.

Wakaingia nusu fainali huko Portland, jimbo la Oregon, wakakutana na Michigan tena wakafungwa 93 kwa 76. Siku iliyofuata ukawapo mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu, dhidi ya Wichita State. Mchezo wa namna hiyo hakuna anayeutaka, na vyuo vya Marekani viliufuta baada ya mwaka 1981. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa Bradley chuoni. Kama desturi yake akawa anatoa pasi, na wenzake wakawa wanamrudishia. Mwalimu na wachezaji wote wakawa na sauti moja: funga. Basi akafunga. Alitupa mara 29 akatia 22, na mitupo ya adhabu 15 akatia 14. Jumla pointi 58, nayo hadi leo haijavunjwa na mtu yeyote katika hatua hiyo ya timu nne za mwisho. Princeton ilishinda 118 kwa 82. Bingwa wa mwaka huo alikuwa UCLA ya John Wooden, lakini mchezaji bora wa mashindano akatangazwa Bradley, kutoka timu iliyoshika nafasi ya tatu.

Mwaka uliotangulia alikuwa Tokyo akaleta medali ya dhahabu ya Olimpiki. Marekani iliifunga Urusi ya Kisovyeti 73 kwa 59. Na katikati ya safari zote hizo aliandika tasnifu ya kumalizia masomo, juu ya kampeni ya Harry Truman ya kutetea kiti chake cha useneta wa Missouri mwaka 1940. Akafaulu kwa heshima. Knicks walimtaka mwaka 1965. Aliwaambia wangoje, akaenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes miaka miwili. Alipotoka huko ndipo akatia saini.

Sasa naja kwangu.

Nilirudi hapa kufundisha, nikapewa mchezo wa kikapu kwa kuwa nilikuwa mrefu. Baada ya muda akaja kijana wa kidato cha pili ambaye wengi wenu mtamkumbuka; jina lake halina kazi hapa. Mkono wake ulikuwa laini, na aliruka kana kwamba ardhi inamsukuma. Nilimstaajabia, sioni neno jingine. Usiku nililala nikimwona akiruka. Na kile kishawishi cha pili ni hiki: kumpenda mchezaji hata ukaanza kumwondolea vitu. Nilimwondolea prepo ya jioni ili afanye mazoezi. Nilimwondolea zamu za usafi. Alipoanza kushuka darasani nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma kumwombea, nikiona fahari kwamba namtetea. Wenzake niliwaambia mpira wote apewe yeye. Tukashinda michezo ya kanda, na picha ipo ukutani. Mtihani wa kidato cha nne akapata sifuri.

Kitabu cha John McPhee kuhusu Bradley, kilichotoka mwaka 1965, nilikipata katika maktaba yetu miaka miwili baada ya hapo. Kilikuwa rafu ya chini, jalada limekwisha kuliwa. Kingenifikia mapema sijui kama ningekielewa.

Watu husema Van Breda Kolff alibahatika kumpata kijana mwenye kichwa kilichotulia. Ni kweli. Lakini pia alifanya kazi mahali ambapo asingeweza kumwondolea kijana prepo hata angetaka. Chuo hakikumlipa Bradley kwa mpira, kwa hiyo hakikumdai mpira, kilimdai tasnifu. Mimi nilikuwa na uwezo ambao mwalimu yule hakuwa nao, nikautumia vibaya. Siku hizi mambo yamebadilika: tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kujipatia fedha kwa majina yao, na sioni ubaya wake, kwani kumbi zile zilijaa fedha siku zote. Mwaka 2009 tulimwona Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, akichaguliwa wa pili katika ligi ya kulipwa baada ya kuchezea chuo cha Connecticut, na hapa shuleni kila mwenye kimo akaanza kuota. Waote. Naomba tu mwalimu wao awe mkali kuliko nilivyokuwa mimi.

Bradley mwenyewe katika ligi ya kulipwa hakuwa yule wa Princeton. Mwanzoni alizomewa, wastani wake wa miaka kumi ulikuwa pointi 12.4. Lakini alitwaa ubingwa na Knicks mara mbili, 1970 na 1973, katika timu iliyosifika kwa pasi. Baadaye alikaa katika Baraza la Seneti miaka 18. Van Breda Kolff alifariki mwaka 2007.

Jambo moja dogo katika kitabu kile silisahau. Bradley alifanya mazoezi katika uwanja wa shule moja jirani, akakosa mitupo kadhaa mfululizo. Akasimama, akasema goli hili liko chini kidogo. Baadaye mwandishi akarudi na ngazi akapima. Urefu unaotakiwa ni futi 10. Goli lile lilipungua inchi 1 na sehemu ya nane.

Nilipolisoma hilo nilichukua vijana wawili na futi ya fundi seremala tukapima magoli yetu. La upande wa bwalo lilikuwa sawa. La upande wa mabweni lilikuwa chini kwa vidole vinne, na limeinama kushoto. Yule kijana wangu alikuwa akipenda kufungia upande huo, nami nilidhani ni mbinu.

Katika mkutano uliopita alikuja. Ana karakana yake ya magari sasa, na mvi. Alisimama chini ya lile goli, akanyoosha mkono, akaangalia juu kwa muda.

"Mwalimu, mpaka leo hamjalinyoosha?"

"Bado, baba."

Kamati inakusanya michango ya kununua mbao na ringi mpya, na mweka hazina atakaa mlangoni mwa bwalo siku ya mkutano. Atakayekuja na futi ndefu, anitafute uwanjani asubuhi kabla ya hotuba.