Shoto katika Masimulizi: Kutoka kwa Ehudi hadi kwa Fundi wa Tula

Ni nadra mtunzi kutuambia kwamba mhusika wake hutumia mkono wa kulia. Akinyamaza, msomaji huujaza ukimya huo mwenyewe: upanga, kalamu na nyundo vyote huviweka kuumeni. Kwa hiyo shoto ikitajwa, haikutajwa bure. Ina kazi katika kisa.

Mfano mkongwe umo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 3. Ehudi, mtu mwenye shoto, anapeleka kodi kwa Egloni, mfalme wa Moabu, aliyewatawala Waisraeli kwa miaka 18. Upanga wake wenye makali kuwili ameufunga kwenye paja la kulia, chini ya nguo. Wenye kutumia mkono wa kulia huchomoa upanga kutoka ubavu wa kushoto. Basi mkono wa Ehudi unapoelekea upande usiotazamiwa, mfalme hana muda wa kujihami. Kuna na kejeli ya jina: Ehudi ni Mbenyamini, na Benyamini kwa Kiebrania ni "mwana wa mkono wa kuume". Iondoe shoto, kisa chote kinaporomoka.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1881, Nikolai Leskov wa Urusi alichapisha hadithi ya fundi wa mji wa Tula aitwaye Levsha, yaani Mwenye Shoto. Mfalme wa Urusi amepata kutoka Uingereza kiroboto wa chuma anayecheza akitiwa ufunguo. Ili kuwashinda Waingereza, mafundi wa Tula wanampigilia kiroboto huyo viatu kama vya farasi, na kila kiatu kina jina la fundi wake. Jina la Levsha halimo. Yeye alifua misumari, midogo hata hadubini haiioni.

Anapelekwa Uingereza. Wenyeji wanamwona akifanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, nao wanauliza yeye ni wa madhehebu gani. Anarejea kwao na habari nzito: Waingereza hawasafishi bunduki kwa unga wa matofali, na Warusi nao waache, wasije wakaharibikiwa vitani. Habari hiyo haimfikii mfalme. Levsha anafia katika hospitali ya mafukara, na Leskov anatuambia kwamba jina lake halisi limepotea daima. Lililobaki ni la mkono wake tu, ambalo Warusi hadi leo humsifia fundi stadi.

Wahusika hawa wawili wanakutana mahali pamoja: wenye mamlaka hawautazami upande wa kushoto. Ehudi aliutumia upofu huo kuwakomboa watu wake. Levsha ulimzika, na ushauri wake ukazikwa naye.

Lugha yetu nayo ina upendeleo wake. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Kuume kumebeba uume, na kushoto kuliitwa pia kuke. Adabu ya jamvini na daraja za jinsia zimo tayari katika majina ya pande. Mshairi wa Kiswahili anapomjalia mhusika shoto, humweka katika hukumu ya watu kabla hajatenda lolote. Basi na ampe mkono huo jambo la kutenda, upanga au msumari, ambalo mkono wa pili usingeliweza.