Land Cruiser za Mbale: vifaa vya ziada na mipaka yake

Barabara za udongo zinazopanda Mlima Elgon upande wa Bududa huwa telezi mvua zinaponyesha. Ndiyo maana wenye Toyota Land Cruiser mjini Mbale huanza na matairi ya matope, yenye meno makubwa yaliyoachana ili udongo udondoke tairi linapozunguka.

Kifaa kinachoeleweka vibaya zaidi ni bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Huiwezesha injini kuvuta hewa karibu na paa, ambako vumbi ni kidogo. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, fimbo za pistoni hupinda na injini huharibika. Hata hivyo, bomba hilo huilinda injini, si abiria. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu yaweza kulisomba gari kubwa la aina hii. Usiku wa Julai 30, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, na miongoni mwa waliofariki walikuwemo abiria wa gari lililosombwa.

Keria ya juu ya paa hupendwa, ingawa mzigo mzito huko juu hulifanya gari kuwa jepesi kupinduka kwenye kona za mlimani. Winchi ina manufaa zaidi, mradi mti ufungwe kwa mkanda mpana na watazamaji wasogee mbali: waya ukikatika huchapa kwa nguvu ya kuua.