Bandama Si ya Kutupa
Mji wa Kale ni mji wa paka. Mbwa humwoni sana barazani. Turkana, mbwa anaishi na watoto nyumbani. Akila maini ya mbuzi yenye uvimbe, anabeba mnyoo, na mayai yake yanamfikia mtu. Uvimbe wa maji unakua kwa miaka: mara nyingi kwenye ini, mara chache kwenye bandama. AMREF ilianza kuupiga vita huko 1983.

Zamani daktari alitoa bandama nzima, basi. Mwaka 1952, King na Shumacker huko Marekani wakaonyesha kwamba watoto waliotolewa bandama walishikwa na maambukizi makali. Polepole wapasuaji wakajifunza kutoa uvimbe tu, kiungo kibaki. Kwa sisi watu wa malaria, bandama ni askari.