Kubadilisha jina hakufungi njia: aliasi katika historia ya Unix

Wandugu, mwaka 1971 Mobutu aliita inchi Zaire, na mto pia akauita Zaire. Hapa Alunguli watu waliendelea kupanda mtumbwi na kuvuka maji yaleyale. Jina lilibadilika kwenye karatasi, maji hayakusikia. Nakumbuka hilo kila mtu anaposema eti amefunga ordinatere ya masomo kwa aliasi.

Mwaka uleule 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani, walitoa kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix. Sheli yao, ni kusema ile programu inayosoma amri unazoandika, haikuwa na aliasi. Aliasi tuliipata kwa Bill Joy wa Berkeley, katika csh, sheli aliyoisambaza miaka ya mwisho ya 1970. Kazi yake ilikuwa kupunguza kuandika: neno fupi lisimame pa neno refu. Haikuwa kufuli.

Sasa msimamizi wa chumba cha ordinatere anaandika alias rm='echo Hapana', anafurahi: wanafunzi hawatafuta tena fishie. Lakini sheli inabadilisha maandishi tu. Programu ya rm iko paka fasi yake. Andika \rm, aliasi inarukwa. Andika /bin/rm, vilevile. Andika unalias rm, imekufa. Ukiweka amri ndani ya skripti, bash kwa kawaida haiangalii aliasi hata kidogo. Na mwenye kujua Python hahitaji rm.

Kuna sheli ya kufunga zaidi, rbash. Inakataza cd, kubadilisha PATH, na amri yenye alama ya /. Iko afadhali. Lakini mwachie mtu vi, ataiagiza ifungue sheli nyingine isiyofungwa, na ndiyo basi.

Kinachozuia kweli kilikuwemo tangu ile 1971: ruhusa za fishie. Kiini cha mfumo hakiangalii jina uliloandika, kinauliza wewe ni nani. Leo, kama huna ruhusa ya kuandika ndani ya folda, \rm, /bin/rm na Python zote zinakataliwa sawasawa.

Kwa hiyo kama TFC za wenzako ziko kwenye mashini moja, anzia pale: kila mtu akaunti yake, folda yake, chmod 700, na neno la siri la root lisizunguke. Aliasi uiachie kazi yake, mfano alias rm='rm -i', ikuulize wewe mwenyewe kabla ya kufuta, saa ya usiku ukiwa umechoka.