Jinsi ya kuchagua kamera za ulinzi zisizo na waya kwa nyumba ya Kinyamaseke

Kinyamaseke iko kwenye barabara inayochepuka Kikorongo, wilaya ya Kasese, kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Wako wakazi wake wanaoishi kwa biashara ya mpaka. Asubuhi wanavuka kwenda Kasindi, na mara nyingine wanaendelea hadi Beni au Butembo na kukaa huko siku kadhaa. Nyumbani hubaki familia, magunia ya kahawa na bidhaa ambazo bado hazijauzwa. Mtu wa namna hii akisikia kwamba anaweza kuiona nyumba yake kwenye simu akiwa Congo, hutaka kununua kamera siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa, soma makala haya. Jambo kuu ni moja: kamera inayofaa huku ni ile inayoendelea kurekodi umeme ukikatika na mtandao ukipotea. Anza na umeme, fuata sehemu ya kuhifadhi picha, kisha mtandao. Ubora wa picha, ambao ndio wauzaji hupenda kuutangaza, uje mwisho.

KAMERA INAFANYA NINI NA HAIFANYI NINI

Kamera inafanya kazi tatu: kumtia mwizi wasiwasi, kukujulisha mapema, na kubakiza ushahidi. Haizuii mtu kuvunja mlango. Kwa hiyo haichukui nafasi ya mlango wa chuma, kufuli nzuri, taa ya nje, jirani mwema na mwenyekiti wa LC1 mwenye namba yako ya simu. Kama fedha zinatosha kwa kitu kimoja tu, tengeneza mlango kwanza.

Pia tuseme wazi kwamba usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hatari ya namna ile ni kazi ya jeshi na polisi. Hakuna kifaa cha dukani cha kuizuia, na muuzaji anayetumia hofu hiyo kuuza kamera anakudanganya. Kamera ya nyumbani ni kwa mwizi wa kawaida, yule anayekuja kwa sababu amejua mwenye nyumba hayupo.

"ISIYO NA WAYA" MAANA YAKE NINI

Dukani maneno haya hutumika kwa vitu vinne tofauti.

1. Kamera ya waifai yenye adapta. Picha husafiri bila waya, lakini waya wa umeme bado upo. Ni ya bei nafuu na inaweza kurekodi saa 24.

2. Kamera ya betri yenye paneli ndogo ya sola. Haina waya wowote. Ili kulinda betri, kwa kawaida hulala na kuamka inapohisi joto la kiumbe kinachopita. Inaweza kuchelewa kidogo kuamka, na mtu anayepita haraka akaonekana mgongo tu.

3. Kamera ya laini ya simu (4G). Haihitaji ruta, bali inahitaji laini yenye bando. Inafaa shambani, kwenye ghala au kiwanja kinachojengwa.

4. Seti yenye kamera kadhaa na mashine ya kurekodi, ambayo mafundi huiita NVR. Kamera huzungumza na mashine hiyo moja kwa moja, na kurekodi hakuhitaji intaneti kabisa.

Aina ya tano ni ya kuepuka. Ni zile kamera za zamani za analogi zilizorusha picha hewani kwenye 2.4 gigahezi bila kufungwa kwa neno la siri. Mtu yeyote mwenye kipokezi cha aina hiyo aliye karibu anaweza kuona ndani ya nyumba yako. Ukiikuta kwenye vifaa vilivyotumika, iache hata kama ni bei ya kutupa.

UMEME: PIGA HESABU KABLA YA KULIPA

Mwizi hufurahia giza, na umeme unapokatika ndipo kamera ya adapta hufa. Hesabu yake si ngumu. Kamera moja ndogo hula takriban wati 5, na ruta ndogo hula kiasi hicho hicho au zaidi kidogo. Tuseme jumla ni wati 10. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 240.

Betri ya asidi haipendi kumalizwa kupita nusu. Kwa hiyo ili upate siku moja kamili bila umeme, unahitaji betri ya volti 12 yenye ampea-saa 40. Ukitumia betri ya lithiamu, ampea-saa 25 zinakaribia kutosha. Kwa sola, tukihesabu saa 5 za jua kali kwa siku na upotevu wa njiani, paneli ya wati 80 hadi 100 itabeba mzigo huo. Ukiongeza kamera, ongeza hesabu.

Kama umeme wako hukatika kwa saa mbili au tatu tu, kifaa kidogo cha akiba cha volti 12 kwa ruta na benki ya betri kwa kamera vinaweza kutosha. Hakikisha benki hiyo inaweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja, kwani nyingine hukata. Jambo la kukumbuka ni kwamba ruta nayo inahitaji akiba. Watu huweka betri kwenye kamera, ruta ikazimika, na simu isipokee taarifa yoyote.

KUREKODI: PICHA ZIKAE WAPI?

Wauzaji wengi husifu hifadhi ya mtandaoni inayolipiwa kila mwezi. Ina faida yake, maana mwizi akiiba kamera, picha zimeshaondoka. Lakini haifai kuwa hifadhi ya pekee. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Kamera iliyotegemea mtandao peke yake haikuweza kuhifadhi chochote siku hizo.

Kwa hiyo nunua kamera yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu, au seti yenye mashine ya kurekodi. Hesabu ni hii: picha inayotiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde hujaza gigabaiti 10.8 kwa siku. Kadi ya gigabaiti 128 itatunza takriban siku 11, kisha itaanza kufuta za zamani. Ikiwa ni megabiti 2, ni siku 5 hivi. Ukisafiri kwa wiki mbili, uwezo huo unakuhusu. Tumia kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, kwa sababu kadi za kawaida huchoka mapema, na mara nyingi mwenye nyumba hugundua siku ya tukio.

Mashine ya kurekodi usiiweke sebuleni karibu na televisheni, ambako mwizi hufika kwanza. Ifungie kabatini au stoo, mahali penye hewa.

MTANDAO NA TATIZO LA MPAKANI

Kamera nyingi za bei nafuu hutumia waifai ya 2.4 gigahezi tu. Ruta ikiwa imewekwa kwenye 5 gigahezi peke yake, kamera haitaiona. Mawimbi ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini mabati na milango ya chuma huyazuia. Njia rahisi ya kupima ni kusimama mahali utakapofunga kamera, milango yote ikiwa imefungwa, na kutazama video kwa simu. Ikikwama mkononi mwako, itakwama na kwenye kamera.

Usiiache kamera itume picha mtandaoni saa 24 kwa laini ya simu. Zile gigabaiti 10.8 kwa siku ni zaidi ya 320 kwa mwezi. Weka irekodi kwenye kadi, na itume taarifa tu pale mtu anapoonekana.

Walio karibu na Mpondwe wana tatizo la ziada. Laini ya Uganda inaweza kushika mnara wa Congo, na laini ya Congo ikashika wa Uganda. Hapo bando hukwama, au salio huliwa kwa bei ya ugenini. Ingia kwenye ruta, zima matumizi ya data nje ya nchi, na uchague mtandao kwa mkono.

Saa pia ni jambo la kuangalia. Uganda iko saa 1 mbele ya Congo ya mashariki. Kamera nyingi huchukua saa kutoka kwenye simu iliyotumika kuziwasha. Ukiiwasha ukiwa Kasindi, au simu yako ikiwa imeshika mnara wa Congo, rekodi zote zitakuwa nyuma kwa saa nzima. Tukio la saa 8 usiku litaandikwa saa 7, na utetezi utakuwa na la kuuliza.

PICHA, USIKU NA MVUA

Megapikseli 2 zinatosha kwa nyumba ya kawaida, mradi kamera iko karibu na mahali watu wanapopita. Lenzi ya milimita 2.8 huona eneo pana lakini sura huwa ndogo. Ya milimita 4 huona eneo jembamba, na sura hutambulika kwa mbali zaidi. Kwa geti chagua ya 4, kwa ua chagua ya 2.8.

Funga kamera kwenye urefu wa mita 2.5 hadi 3. Ikiwa juu sana utapata picha za kofia. Usiielekeze mashariki au magharibi moja kwa moja, jua litaipofusha. Kwa nje tafuta alama ya IP66, maana yake vumbi haliingii na maji yanayorushwa kwa nguvu hayaingii. Huku kuna vumbi la kiangazi na mvua kubwa, hivyo usikubali kamera ya ndani iliyofungwa nailoni.

Taa za usiku za kamera huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando wa buibui mbele ya lenzi hukuletea taarifa za uongo usiku kucha. Futa lenzi kwa kitambaa laini kila wiki.

LINDA MFUMO WENYEWE

Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Machi 2021 wadukuzi waliingia katika kampuni ya Marekani ya Verkada na kuona picha za kamera za hospitali, magereza na shule. Kwa hiyo:

- Badilisha neno la siri la kamera na la ruta siku ya kwanza.
- Fungua akaunti kwa simu na namba yako, si ya fundi. Fundi akimaliza kazi, toa simu yake kwenye mfumo.
- Ukinunua kamera iliyotumika, mwenye zamani aitoe kwenye akaunti yake mbele yako. La sivyo haitakubali akaunti yako, au yeye ataendelea kuona nyumbani kwako.
- Kamera isiwe chumba cha kulala wala bafuni.

KUNUNUA NA KUVUSHA

Hapa wafanyabiashara wadogo hukosea. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachowasaidia wanaovuka na mizigo midogo, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, kama maharage au mahindi. Kamera iliyotengenezwa China haihusiki, hata kama umeinunua Kampala. Ukiivusha kwenda Kasindi utaitangaza kwa forodha ya Congo, DGDA, ambako kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16. Ukiileta Uganda utaitangaza kwa URA, ambako kodi hiyo ni asilimia 18, pamoja na ushuru mwingine unaohusika. Uliza kiasi kamili ofisini kwao kabla ya kununua mzigo, si kwa watu walioko njiani.

Dai risiti yenye namba ya kifaa. Uliza pia dhamana inatumika upande gani wa mpaka. Kamera ya bei rahisi iliyonunuliwa Butembo huwa ghali pale inapobidi kuirudisha.

SHERIA NA MAJIRANI

Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Congo nayo ina Kanuni ya Dijitali ya mwaka 2023. Elekeza kamera kwenye geti na ukuta wako, si kwenye ua wa jirani. Mweleze jirani kabla ya kufunga. Kamera iliyofungwa kimya kimya huleta ugomvi, na jirani mliyegombana hatakupigia simu ukivamiwa. Waambie pia wafanyakazi wa nyumbani.

Tukio likitokea, nakili faili lenyewe mara mbili, moja kwa polisi na moja ubaki nalo. Usitegemee video ya simu iliyopiga picha ya skrini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama huangalia kama rekodi imetunzwa bila kuchezewa.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

1. Nikichomoa intaneti sasa hivi, itaendelea kurekodi? Nionyeshe.
2. Inakula wati ngapi, na itafanya kazi kwa volti 12?
3. Inapokea kadi ya ukubwa gani?
4. Nisipolipia hifadhi ya mtandaoni, ni kazi gani itakufa?
5. Saa yake nawekaje kwa mkono?
6. Ikiharibika, nairudisha wapi na kwa muda gani?

Muuzaji anayekubali kuchomoa waya mbele yako na kukuonyesha rekodi iliyobaki, zungumza naye bei. Asiyekubali, muage.