Christy Ring na Enzi za Hurling

Mwaka 1366 watawala wa Kiingereza nchini Ireland walitunga Sheria za Kilkenny, zilizowakataza walowezi wao kucheza hurling, mchezo wa wenyeji wa magongo na mpira mdogo mgumu. Walihofia kwamba mchezo huo, pamoja na lugha na desturi za wenyeji, ungewameza walowezi. Katazo hilo halikufua dafu. Pigo zito zaidi lilikuja karne tano baadaye, pale Njaa Kuu iliyoanza mwaka 1845 ilipoua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine wengi ng'ambo. Vijiji vilivyopoteza vijana wake havikuwa na wa kushika gongo.

Novemba 1, 1884, Michael Cusack na wenzake walikutana mjini Thurles, wakaasisi GAA, chama cha kufufua michezo ya jadi. Klabu zilijengwa juu ya parokia, na timu kubwa juu ya kaunti. Mchezaji hakulipwa, alichezea alikozaliwa au alikoishi.

Christy Ring alizaliwa katika mfumo huo, Oktoba 30, 1920, huko Cloyne, kaunti ya Cork, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto. Wiki tatu baadaye, vikosi vya Uingereza viliwafyatulia risasi watu waliokuwa kwenye mechi ya soka la Kiayalandi katika uwanja wa Croke Park, Dublin, 14 wakafa. Katika uwanja huohuo Ring angejijengea jina.

Alianza kuichezea Cork mwaka 1939. Ubingwa wake wa kwanza wa Ireland, wa 1941, una doa dogo: Tipperary na Kilkenny walizuiwa kushiriki kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Lakini Cork walishinda tena mwaka 1942, 1943 na 1944, na hapo hapakuwa na wa kulalamikia ng'ombe. Mwaka 1946 Ring alikuwa nahodha. Katika fainali dhidi ya Kilkenny alichanja mbuga katikati ya mabeki, mpira ukiwa juu ya gongo, akafunga bao linalosimuliwa mpaka leo.

Miaka ya 1950 ilikuwa kilele. Cork walitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1952 hadi 1954, na fainali ya mwisho ilitazamwa na watu 84,856. Shujaa waliyemfuata alikuwa dereva wa lori la mafuta. Kwa maoni yangu, ukubwa wake ulionekana zaidi aliposhindwa. Mwaka 1956, akiitafuta medali ya tisa, shuti lake lilidakwa na Art Foley, kipa wa Wexford. Kipenga kilipolia, washindi wenyewe walimbeba mabegani.

Aliendelea hadi 1963, akiwa pia na medali 18 za Railway Cup, mashindano ya majimbo, alizozipata na Munster. Alipofariki Machi 2, 1979, hotuba ya kaburini ilitolewa na Jack Lynch, waziri mkuu aliyewahi kucheza naye Cork.

Rekodi yake ya medali nane za ubingwa wa Ireland alizozishinda akiwa uwanjani ilifikiwa na John Doyle wa Tipperary mwaka 1965, kisha ikavunjwa na Henry Shefflin wa Kilkenny mwaka 2012. Kombe la Christy Ring, lililoanzishwa mwaka 2005, hugombewa na kaunti za madaraja ya chini. Cork hawajawahi kulicheza.