Waonesha Njia wa Kilimanjaro

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai wiki mbili kabla, aliona kitu cheupe mno juu ya mlima mrefu uliokuwa mbele yake. Alidhani ni wingu. Alimuuliza mkuu wa msafara wake, Mswahili wa pwani aitwaye Bwana Kheri, naye akakubali kuwa ni wingu. Hatua chache mbele moyo wa Rebmann haukutulia, akauliza tena. Bwana Kheri akajibu kwamba lile kule ni wingu kweli, ama ule weupe hajui ni kitu gani, ila anadhani ni baridi.

Neno hilo moja, baridi, lastahiki kuangaliwa kwa makini na kila anayeshughulika na lugha. Neno theluji, ambalo leo kila mtoto wa skuli analijua, asili yake ni Kiarabu, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 angeweza kulisikia pasi na kuwahi kukiona kitu chenyewe. Bwana Kheri hakulitumia. Alikitaja kitu kwa athari yake. Misafara ilikuwa imekwisha kuleta pwani hadithi za mlima wa dhahabu na fedha huko Uchagani, ambao mashetani wake huwaua wote wanaojaribu kuupanda. Rebmann na mwenzake Krapf waliandika pia habari za mtawala wa Machame aliyewatuma watu kwenda kuichota fedha hiyo. Karibu wote waliangamia, na aliyerudi alirudi mikono na miguu yake imeharibika. Aliyesema "baridi" alikuwa na sababu zake.

Taarifa ya Rebmann ilichapishwa mwaka 1849. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyeijua bara ya Afrika kwa kusoma na kuuliza tu, aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta! Mabishano yaliendelea zaidi ya miaka kumi, mpaka Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima kwa sehemu mwaka 1862 na kuyathibitisha yaliyosemwa. Katika mabishano yote yale aliyetiliwa shaka ni Rebmann, na aliyeombwa radhi na historia ni Rebmann. Bwana Kheri hakutiliwa shaka wala hakuombwa radhi, maana maneno yake hayakuhesabiwa kuwa ni ushahidi.

Kazi aliyoifanya Bwana Kheri ingaliko. Leo mgeni anayefika Moshi, na asiye na siku, nguvu wala fedha za kwenda mpaka kileleni, anaweza kujiunga na kundi dogo la watu watano au sita, wakapakiwa garini asubuhi, wakapelekwa Marangu, mwendo wa kilomita zipatazo 40, na kurejeshwa jioni. Mbele yao hutangulia mzaliwa wa huko huko mlimani. Atawapitisha katika kihamba ambamo migomba na mibuni imechanganyika, awaoneshe mfereji wa asili ulioteremsha maji kutoka msituni kabla ya kuwapo mabomba, awafikishe kwenye maporomoko ya Kinukamori, awaingize wakiwa wameinama ndani ya mahandaki ambamo mababu walijificha wakati wa mashambulizi, kisha awaketishe wakoboe kahawa, waikaange na kuitwanga kinuni kwa wimbo. Kwenye mpaka wa kihamba atasimama mbele ya mmea wa sale na kueleza kuwa mtu aliyemkosea mwenziwe akimpelekea jani lake kuomba radhi, ni vigumu radhi hiyo kukataliwa. Mbege ikipatikana, itaonjwa.

Wako wanaoyadharau matembezi ya namna hii, wakisema kuwa mila imegeuzwa bidhaa. Hawakosei moja kwa moja. Kinu kinachotwangwa mara tatu kwa siku kwa ajili ya makundi matatu ya wageni si kinu kile kile cha jikoni. Hata hivyo, wadharau hao husahau kwamba mwongoza watalii ni mwanahistoria ambaye wasikilizaji wake wako mbele yake, wanauliza, tena wanatembea juu ya ardhi ile ile inayosimuliwa. Maprofesa wachache sana wana bahati hiyo. Na akikosea, kosa lake husafiri na wageni hadi Ujerumani, Japani na Marekani. Kwa hiyo simulizi zake zinastahiki kupimwa kama zinavyopimwa za vitabu, bila ya kuonewa haya wala kuonewa huruma.

Mfano mwepesi ni majina ya mahali. Husikika kwamba Moshi ni moshi wa mlima uliowahi kuwaka, au ni moshi wa gari la moshi. Hili la pili halisimami hata kidogo: reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, ilhali mmisionari Charles New alikuwa amekwisha kuliandika jina hilo, kwa tahajia yake mwenyewe, baada ya kufika kwa Mangi Rindi mwaka 1871. La kwanza nalo linalisoma neno la Kichaga kwa miwani ya Kiswahili. Kilimanjaro lenyewe limezaa tafsiri nyingi, kuanzia mlima wa misafara mpaka kile kinachomshinda ndege, na hakuna iliyokubaliwa na wote. Mwongozaji mwerevu huzitaja mbili tatu, akaendelea na safari.

Jambo zito zaidi ni jina la mtu.

Wageni wanaofika Marangu husimuliwa habari za Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa miaka 18 aliyemwongoza Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Mwaustria Ludwig Purtscheller hadi kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na aliyefariki tarehe 10 Mei 1996 akiwa na umri uliozidi miaka 120. Ni hadithi tamu, na jina lake limewekwa katika kumbukumbu langoni Marangu. Lakini namna jina hilo lilivyopatikana haisimuliwi sana. Mwaka 1989, ilipokaribia kuadhimishwa miaka 100 ya safari ya Meyer, kamati ya maadhimisho iliona si haki kumtukuza mgeni na kuwanyamazia Waafrika waliokuwa naye. Ikawatafuta. Ikampata mzee mmoja wa Marangu aliyedhaniwa kuwa ni mmoja wao. Mzee Lauwo hakuujua umri wake. Hakumkumbuka Meyer wala Purtscheller. Alichokumbuka ni kwamba aliwahi kwenda mlimani pamoja na daktari wa Kiholanzi, kwamba alikwenda bila ya viatu, na kwamba alikuwa ameupanda mlima mara tatu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kamati ikaamua kuwa ndiye, na kwa hesabu hiyo akapewa mwaka wa kuzaliwa, 1871 au karibu yake. Akajengewa na nyumba.

Msomaji atambue mpangilio wa mambo ulivyo: umri wa Lauwo haukuthibitisha safari yake, bali safari ndiyo iliyotumiwa kuupata umri, kisha umri ule ukawa maajabu ya kuipamba safari.

Kitabu cha Meyer, kilichotoka mwaka 1890, kinataja mtu mwingine. Wapagazi wengi wa msafara, waliotoka Unguja na kupitia Mombasa na Taveta, walibaki chini Marangu kwa Mangi Mareale. Wachache walipandisha chakula kwa zamu. Aliyekaa na Wazungu wale wawili katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, ni mtu mmoja tu, mwenyeji wa Pangani, ambaye Meyer alimwandika kwa jina la Mwini Amani. Yamkini ni Mwinyi Amani, likiwa limeandikwa kama sikio la Mjerumani lilivyolipokea. Meyer hasemi kwamba mtu huyu alifika kileleni. Alibaki kulinda kambi huku wenziwe wakikata ngazi kwenye barafu. Lakini siku na usiku wa mahali pale, pasipo na mti wala jirani, alivikabili yeye, mtu wa mwambao wa minazi.

Mwaka wenyewe ndio unaoipa habari hii uzito wake. Septemba 1888 Pangani ilikuwa chimbuko la vita vya Abushiri bin Salim al-Harthi dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Meyer mwenyewe, katika safari yake ya mwaka huo pamoja na Oscar Baumann, alikamatwa na watu wa Abushiri, akatiwa minyororo, na akaachiwa baada ya kulipa fidia. Julai 1889 majeshi ya Hermann Wissmann yaliishambulia Pangani kwa mizinga na kuiteka. Oktoba Meyer alisimama juu ya Kibo na kukiita kilele kile kwa jina la Kaisari Wilhelm. Desemba Abushiri alinyongwa, Pangani. Basi mtu wa Pangani alilinda kambi ya Mjerumani katika mwaka ule ule ambao Wajerumani waliuteka mji wake. Alikwenda kwa ujira, kwa kulazimika au kwa mapenzi ya safari? Kitabu hakikumuuliza. Mshairi yeyote wa pwani angeweza kumpa beti mia, lakini aghalabu hata pwani kwenyewe jina lake halitajwi, na Wachaga hawana deni la kumkumbuka mtu asiyekuwa wao.

Hapa ndipo yanapogongana mambo mawili ambayo yote ni ya haki. Kamati ya mwaka 1989 ilikuwa na dhamira njema. Ilitaka uso, na uso ulipatikana. Nyumba ile haikupotea bure hata kidogo, kwani mzee Lauwo bila ya shaka yoyote aliupanda mlima miguu mitupu katika zama ambazo mpagazi hakuandikwa jina, na waliostahiki nyumba kama yake walikuwa mamia. Lakini kumpa mtu mmoja heshima kwa kisa cha mtu mwingine kuna hasara yake: yule wa pili hufutwa mara ya pili, na safari hii hafutwi na Mzungu. Mwongozaji wa leo hana haja ya kuchagua. Anaweza kusema kwamba mzee huyu alitambuliwa na kamati, na kumbukumbu zake mwenyewe zilisema hivi, na kitabu cha Meyer kinasema vile. Wageni wanaovumilia kutwanga kahawa watavumilia na hili.

Meyer alishuka na jiwe kutoka kileleni, akamtunukia Kaisari, nalo likapachikwa katika ukuta wa ukumbi mmoja wa kasri la Neues Palais huko Potsdam. Jina alilokipa kilele liliishi muda mrefu kuliko utawala uliolileta. Tarehe 9 Disemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika juu yake bendera na mwenge wa Tanganyika huru, na mahali hapo pakawa Uhuru.

Jiwe silo pekee lililosafirishwa. Juu ya mji wa Moshi wa sasa, uliokua kandokando ya stesheni ya reli, iko Moshi ya Kale, makao ya Rindi na baadaye ya mwanawe Meli. Matembezi ya huko hayana wageni wengi kama ya Marangu. Hakuna maporomoko ya kupigia picha. Mwaka 1892 wapiganaji wa Mangi Meli waliwashinda Wajerumani katika vita ambavyo afisa wao von Bülow aliuawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakashinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa juu ya mti pamoja na wengine 18, kwa tuhuma za kula njama. Wenyeji wanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, katika enzi ambayo mafuvu ya Waafrika yalikusanywa kwa maelfu na makumbusho ya huko kwa kile kilichoitwa sayansi ya mbari. Mjukuu wake alitumia miongo mingi kuandika barua za kukidai. Tangu mwaka 2019 pamekuwa na maonesho ya habari hizo papo hapo Moshi ya Kale, ndani ya jengo la enzi ya Wajerumani.

Kwa hiyo mwenye kuongoza wageni huko huwapeleka kwenye mti na kuwaeleza kitu ambacho hakipo. Miongoni mwa wageni aghalabu wamo Wajerumani, na swali lao la kwanza huwa ni kama fuvu limepatikana. Jibu limebadilika kidogo. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyaunganisha mafuvu matatu na watu walio hai Kilimanjaro. Moja ni la mtu aliyejulikana kwa jina la Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halimo.